Bila Bahasha Nitapigaje Hodi?

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada wako upesi maana mbio za binti yangu ni Jumamosi na mimi tangu jana naunguza mikate hapa kiwandani kwa furaha na woga, hadi msimamizi kaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mimi ni mwoka mikate, mimi na mama wa binti yangu tuliachana miaka mitatu iliyopita, na zamani kila mwisho wa mwezi nilipeleka pesa za matunzo kwa mkono, ndani ya bahasha, nikipiga hodi tu Chiriku (ndivyo ninavyomwita binti yangu, kwa kuongea huko!) ananirukia shingoni kabla sijavuka kizingiti, lakini nakiri, miezi mingine bahasha ilikonda na miwili haikufika kabisa, tukagombana mlangoni mpaka majirani wakafungua madirisha, ndipo mama yake akaenda mahakamani, amri ikaletwa kwa karani wetu wa mishahara, na sasa fungu la mtoto linakatwa kabla mshahara haujanifikia na linaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mama yake. Mwanzo niliona haya, sasa nashukuru, ugomvi umekwisha, ila sina tena cha kunipeleka pale, miezi mitano sasa sijapiga hodi! Jana Chiriku kanipigia simu, sauti juu: "Baba, nimechaguliwa mbio za kupokezana vijiti, tena mimi ndiye namalizia! Utakuja? Mbona siku hizi huji?" Nikamwambia nitakuja, nikacheza peke yangu katikati ya magunia ya unga, kisha nikajiuliza nitatokeaje mikono mitupu, nikamkimbilia karani asimamishe makato mwezi huu tu, nipeleke mwenyewe, naye akanitolea macho: "Kaka, unataka nifukuzwe kazi?" Shangazi, nifanyeje?

Mwoka Mikate

Mwanangu mwoka mikate, hongera! Anayemalizia mbio si mtoto wa mchezo, nimefurahi kana kwamba ni mjukuu wangu.

Sasa kaa nikupashe. Karani hana ruhusa ya kuigusa amri ile. Imetoka mahakamani, na mahakama pekee ndiyo inayoweza kuibadilisha. Hata ukihama kiwanda, makato yatakufuata kwa mwajiri mpya. Kamwombe radhi leo hii, tena na mkate wa moto, usiwe ule ulioungua.

Na nani alikudanganya kwamba bahasha ndiyo tiketi ya kumwona mwanao? Miezi mitano mtoto anakula na kuvaa kwa jasho lako, wewe umejificha kama mwizi wa kuku. Baba mzima, huoni aibu? Soma tena barua yako. Chiriku hakuuliza mbona huleti, kauliza mbona huji.

Mpigie mama yake leo, kabla hujapoa. Mwambie unakuja kumshangilia binti yenu, na habari za pesa usizitaje kabisa. Mbio zikiisha, mwombe mpange siku zako za kumwona mtoto. Akikataa, nenda mahakama ileile, uombe siku hizo ziandikwe.

Jumamosi badilishana zamu, oga unga wote utoke, usimame pale mbio zinapoishia. Usibebe chochote, hata soda. Chiriku atakuja mbio na kijiti chake, na utahitaji mikono yote miwili.