Jiwe la Kwanza Lilikuwa Langu, na Dorcas Amedungwa

Mjukuu wangu Clarisse, muke mwenzangu,

Anayeshika kalamu ni jirani yetu Mama Odile, mwalimu, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na beseni kichwani. Nimemwambia asilainishe kitu. Barua hii ikishakufikia huko Lubumbashi, ataisoma pia kwa sauti pale soko la Likasi, kwenye mstari wetu wa wauza viwavi. Nilikosea mbele ya watu. Siwezi kusema kosa hilo chini ya kitanda.

Unakumbuka kambi yetu ya pori, upande wa Kambove? Ulikuwa na miaka minane. Miti ilijaa finkubala, viwavi wetu wanono, na sisi wanawake tulikuwa tunawakamua matumbo tangu asubuhi mpaka vidole vimekuwa kijani. Wewe ukaona mmoja ananing'inia kichwa chini, amelegea kama kitambaa, ngozi imepasuka, maji meusi yanadondoka. Sheria uliijua. Anayeona vile anapiga kelele, "Imeoza!", na kila mwenye mikono anaokota fimbo au jiwe. Tawi linakatwa, kikapu kilichoguswa kinavunjwa, vyote vinachomwa moto, mikono inaoshwa kwa majivu. Hakuna kuuliza. Ukikaa kuuliza, keshokutwa pori zima linaning'inia, na watoto mjini hawali.

Wewe hukupiga kelele. Ulimficha yule kiwavi ndani ya kopo la nyanya.

Nilikupiga kwa fimbo mbichi mbele ya kambi nzima mpaka mgongo ukatoa damu. Na wewe, kichwa nguvu, katikati ya kilio unaniuliza mimi bibi yako:

"Kambo, juu ya nini inaninginia kichwa chini?"

"Weye mutoto, utatuua shiye bote!"

Halafu nilikupaka mawese mgongoni, tukala sahani moja, ukalala mapajani mwangu. Sisi wawili tumekuwa hivyo siku zote.

Mama yako nitamtaja, ingawa najua hupendi. Kabedi, mtoto wangu. Ulikuwa na miaka kumi na tano alipoanza kutoka damu isiyokuwa ya mwezi, mdogo wako Dorcas bado ananyonya. Halafu ikaja harufu. Ile harufu ilipita ukutani, ikakaa ndani ya ugali. Baba yako alirudi kutoka machimboni akasema hiyo ni harufu ya wanaume wengine. Akamvuta kwa nywele mpaka uani, akampiga mateke ya tumbo, palepale ugonjwa ulipokuwa umekaa. Mchungaji aliyeitwa, naye akasema ni pepo, akamkalia kifuani mtu ambaye alikuwa amebaki mifupa. Wewe ulikimbia kuniita. Nilikuja na mchi wa kutwangia. Baba yako nilimvunja bega, na yule mtu wa Mungu aliruka ukuta bila viatu. Sijatubu. Nitatubu siku Kabedi atakapofufuka.

Alikufa anauma kanga ili majirani wasisikie. Kansa ya shingo ya kizazi, daktari alisema, tukiwa tumeshachelewa. Wewe ulisimama karibu na jeneza ukasema utasoma mpaka ujue kitu kilichomla. Mimi nikauza finkubala, mvua kwa mvua, ukasoma.

Ukarudi umekuwa mtu wa maabara. Siku ile nakaanga viwavi, wewe umekaa kwenye kiti changu kidogo, unachukua vya moto kutoka kwenye kikaango, unaunguza ulimi, unaniambia kwamba ugonjwa unaoyeyusha finkubala, Wazungu na Wachina na watu wote wenye akili wanauchezea mkononi kama sisi tunavyochezea unga. Kwamba kuna chanjo ya ugonjwa wa mama yako iliyotengenezwa kwa kirusi cha viwavi.

"Na minye ni malkia wa Ubelgiji," nilikuambia. "Toa mukono kwa chungu!"

Nilicheka mpaka nikajamba. Ulicheka na wewe. Lakini ulikuwa umeniambia, na hilo ndilo linaloniua.

Wiki ile ukaja na wenzako wa chanjo kwenye kituo cha afya. Uwanja umejaa wamama na wasichana wao. Dorcas nimemshika mkono, nimemvalisha gauni la Pasaka. Nilikuwa najivuna; kila aliyenipita nilimwambia, yule mwenye koti jeupe, yule wangu. Mama mmoja akauliza hiyo dawa imetoka wapi. Ungeweza kudanganya. Ungesema Ulaya, tungenyamaza. Wewe, uliyelelewa na mimi, ukasema ukweli: imetengenezwa kwa msaada wa kirusi, kile kinachofanya finkubala waning'inie kichwa chini.

Mdomo wangu haukunisubiri. "Imeoza! Imeoza!"

Nusu ya wamama wale ni watu wa kambi. Walifanya walichofundishwa tangu tumboni. Waliinama wote pamoja, kama mtu mmoja, wakainuka na mawe.

Sasa sikiliza kitu usichokijua, maana ulikuwa umeinama kukifunga kile kisanduku cha baridi chenye chanjo. Wewe unadhani mimi nilipiga kelele tu. Jiwe la kwanza lilikuwa langu. Nililenga kisanduku, kama tunavyovunja kikapu. Kiligongwa, kikapasuka, chupa ndogo zikamwagika, na wewe ukapiga magoti kuziokota. Mawe mengine yakakufuata palepale chini. Nilisikia meno yako yanavunjika. Ule mlio nausikia kila nikitafuna. Jiwe la nani lilitoa jicho lako, sijui na sitaki kujua. Yote yalitoka katika mdomo wangu.

Nilikulalia juu. Mbavu zangu mbili zilivunjika. Mama mmoja aliyeendelea kupiga nilimuuma sikio, nikatema kipande mchangani, na bado alikuwa ananifokea: "Ulisemaka weye mwenyewe!" Kweli. Nilisemaka mimi mwenyewe.

Hospitalini uso wako ulikuwa umevimba kama donge la ugali, na hukulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa makelele, mpaka muuguzi akataka kunitoa.

"Juu ya nini hukuniambia nyumbani kwanza?"

"Minye nilikuambia, Kambo. Ulikuwa unacheka."

Halafu, kwa mdomo ule uliochanika, neno moja, pumzi moja, neno moja, ukanieleza tena. Kwamba kile kirusi kinaua viwavi na wenzao, ndani ya mtu hakiwezi kuzaana. Kwamba wanakitia kipande cha maagizo, nacho kinakwenda kuyapeleka ndani ya chembe hai za nondo, wale vipepeo wa usiku, zinazofugwa kwenye chupa, na zile chembe zinaanza kutengeneza ganda la yule adui mwingine, kirusi kilichomla Kabedi. Ganda tupu, ndani hamna kitu. Wanalisafisha, kirusi cha viwavi hakibaki, na ganda ndilo linaloingia kwenye sindano. Nikakuuliza: kwa hiyo ni kama kumnusisha mbwa shati la mwizi, ili siku mwizi mwenyewe akija amrukie shingo? Ulijaribu kutabasamu. Mshono ukafunguka, damu ikashuka kwenye mto.

Ulipotoka ulipanda gari kwenda Lubumbashi, hukuniaga. Ulifanya vizuri. Ningekuwa wewe ningenitemea mate.

Nikabaki na Dorcas. Amefika miaka kumi na miwili, ana kiuno cha mama yake, na akisikia neno sindano anajificha nyuma ya mlango. "Batanipiga kama Clarisse," anasema. Nikajua kwamba jiwe langu bado liko hewani, na huyu mtoto ndiye linayemwendea.

Kwa hiyo nilikwenda sokoni. Nikasimama juu ya beseni langu lililogeuzwa, nikasema: mimi niliyepiga kelele, nilikosea, haijaoza. Walinizomea. "Mujukuu yake amemulipa!" Nilirushiwa maganda ya ndizi, halafu samaki mbovu wa ziwa Tshangalele, na mume wa yule niliyemuuma sikio akanisukuma, nikaanguka juu ya mbavu zilezile. Kesho yake nikarudi. Siku ya tatu nikawaeleza habari ya Kabedi, yote, harufu, mateke, kanga mdomoni. Hapo maganda yakabaki mikononi mwao. Wengi wao wana Kabedi wao nyumbani. Mwanamke mwenye nusu sikio ndiye aliyeniuliza: "Ile ganda, ni tupu kabisa?"

Wenzako waliporudi, Alhamisi iliyopita, nilimbeba Dorcas mgongoni, mkubwa vile, maana alikataa kutembea. Mama wa sikio alikuja na binti zake wawili. Kulikuwa na wanaume kwenye geti, mmoja ana jiwe. Nilimwendea nikamwambia anipige mimi kwanza, hapa, kwenye meno matatu niliyobaki nayo. Akalitupa chini.

Dorcas alilia kabla ya sindano, akanyamaza wakati wa sindano, akalia tena baadaye. Tone moja la damu mkononi. Nililifuta kwa kidole changu. Sikuomba majivu.

Clarisse, msamaha sikuombi. Nguvu uliyobakiwa nayo itumie kuponya uso wako. Lakini wenzako wanasema kuna sindano ya pili, baada ya miezi sita, na Dorcas amesema waziwazi: bila wewe kumshika mkono, haendi. Sikumfundisha maneno hayo. Ukija, usipite kwangu kama hutaki. Nenda moja kwa moja kituoni, mtoto atakuwa amekaa ndani anakungoja. Mimi nitakuwa nje kwenye geti, mgongo wangu umekuelekea wewe, uso wangu umewaelekea watu, na mikono yangu yote miwili iko wazi waione.

Mimi Kambo wako, mama yake Kabedi, niliyekupiga mara mbili