Mama Alipomwigiza Baba Huko Kitangari

Mtaa wa Mkuti,
Masasi.
19 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Hajira,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na yale magoti yamepata nafuu. Sisi tunapumua, ila mioyo haijatulia. Ningekupigia simu, lakini ningelia kabla sijamaliza, na sitaki uyasikie haya kwa mtu mwingine.

Mama amejiunga na kikundi cha maigizo cha hapa. Ni wanawake pekee, hata wanaume wa kwenye mchezo wanaigizwa na wao, na wanazunguka vijiji vya Newala. Kwa ile sauti yake nzito, Mama alipewa nafasi ya mume.

Jumamosi walicheza Kitangari. Nilikwenda na kaka Halfani. Mama alipotokea na koti na kofia, watu walicheka. Kisha akaanza kutembea, Shangazi, nikamwona marehemu Baba: lile bega la kushoto limeshuka, kile kikohozi kabla ya kusema. "Mke" wake akaingia na ndoo kichwani, kachelewa kutoka kisimani. Mama akaipokea, akamwaga maji yote chini. "Rudi kateke mengine."

Kicheko kikakatika. Halfani akasimama, akapaza sauti, "Mama, shuka! Unamdhalilisha Baba!"

Mama hakuvua kofia. Akamjibu kwa sauti ileile ya Baba, "Kaa chini, mwanangu. Sijamaliza."

Halfani akaondoka. Kesho yake akabadilisha kufuli ya nyumba ya Baba, vitu vya Mama akavileta kwangu kwa bodaboda. Anasema hilo la maji halikutokea kamwe, Mama kalitunga. Yeye wakati huo alikuwa wa kubebwa mgongoni. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama hajitetei. Amesema tu kwamba siku ile ulikuwepo, ukarudi naye kisimani.

Wiki ijayo wanacheza Mkunya, kwa ndugu za Baba. Nilimwomba aache. Akasema, "Miaka arobaini nimenyamaza, Siti. Ilinisaidia nini?"

Najua Baba alikuwa kaka yako na ulimpenda. Sikuombi umseme vibaya. Mpigie Halfani umwambie ulichokiona, basi. Wewe atakusikiliza. Na kama halikutokea, niandikie mimi.

Msalimie dada Zuhra na wanawe. Mungu akulinde, akuondolee maumivu.

Mama naye anakusalimu, wifi yake. Hajui kama nimekuomba. Angejua, angenikataza, asije akakupa mzigo wa kuchagua.

Mimi mwanao nikupendaye,
Siti