Uzi Wako Uko Mtini

Dada yangu Snezhana,

Huku hatujambo. Theluji imeyeyuka, mama anakohoa kidogo tu, na korongo wa kwanza amerudi. Nilimwona Jumatatu nikienda kiwandani, akielea juu ya ukungu kama shati jeupe lililoponyoka kwenye kamba. Si unajua, ukimwona tu, ule uzi mwekundu na mweupe wa Machi, wa kuombeana heri, unauvua mkononi na kuufunga kwenye mti uliochanua. Basi nikasimama chini ya mplamu wa langoni, nikafunga.

Nikachelewa dakika mbili. Ilikuwa mara ya tatu, na msimamizi wetu Radkov hasamehi ya tatu. "Kesho njoo uchukue barua yako ya kuachishwa kazi," akasema, akafunga lango.

Kesho yake nikawakuta washonaji wote sitini wamepanga foleni mplamuni, kila mmoja akifunga uzi wake taratibu kama yumo ndotoni. Kengele ikalia. Hakuna aliyegeuka. Maua yalikuwa yakitudondokea vichwani.

Radkov akatoka mbio, barua yangu mkononi. "Mna wazimu? Nani kawachelewesha?"

"Muulize korongo, mwanangu," akajibu bibi Tsonka, anayeshona pale tangu Radkov hajazaliwa.

Akatutazama, akasikiliza cherehani zilivyo kimya. Barua yangu akaikunja, akaitia mfukoni.

Usinigombeze, dada. Dakika moja ilikuwa ya uzi wangu. Ya pili ilikuwa ya wako, ule uliouacha kwenye droo ulipokwenda Hispania.

Mdogo wako anayekungoja,
Zlatina