Neema Angali Hai Katika Mashini Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimemaliza kuuza samaki wangu wa ndagala mapema, nikapanda kilima. Miguu inauma. Telefone ikalia, message ya kituo cha afya: mlete Neema kwa chanjo ya miezi tisa. Neema tulimuzika mwezi wa kwanza wa mwaka huu, hapa Mururu. Homa ilimubeba akiwa hospitalini. Nimesoma polepole, kidole juu ya herufi. Nikasoma tena. Sikufuta.

Alhamisi, 7 Machi
Message ingine. Papa Neema, mume wangu, anataka niende kituo cha afya wamutoe katika mashini yao. Nimekasirika hata nikamwaga chai. Kumutoa wapi tena? Ukweli, ninapenda jina lake likiingia. Kuna mahali mutoto wangu anakua bado.

Jumanne, 12 Machi
Aibu. Yule mama mupya wa afya, anayezunguka nyumba kwa nyumba, amesimama mlangoni, sauti juu: "Maman, batoto banachanjwa bure. Wa kwako unamuficha juu ya nini?" Majirani wote wamesikia. Nikamwonyesha tu kitenge cha kumubebea Neema, nimekikunja tangu tumuzike. Alikaa chini, akalia kunizidi.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeenda kituo. Muuguzi ni kijana mpole. Anasema mashini ya hospitali, ile ya kuandikia majina ya batoto, inajua Neema amekufa, ya kwao haijui. Hakuna muntu aliyezilinganisha.
"Basi ya kwenu muiache," nikamwambia.
Akanieleza: kuna mutoto alizaliwa kule hospitali, jina lake halikufika huku. Hakuna aliyemwita mama yake kwa chanjo. Sasa surua imemushika. Yuko chumba cha pili.
Nilimusikia akikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Wa kwangu anaitwa, hayupo. Huyu yupo, hakuitwa.
Nikasema mashini zilinganishwe. Mumufute.
"Hatumufuti, Maman. Jina linabaki. Tunaandika siku aliyoenda."
Siku hiyo nimeitaja mwenyewe. Nikairudia, aandike vizuri.

Jumapili, 17 Machi
Sikuenda misa. Nimelala tu. Niliogopa nimemuzika mara ya pili. Papa Neema amepika maharage, yameungua. Tumekula hivyo hivyo.

Jumatano, 27 Machi
Jua kali. Nimekutana na mama wa yule mutoto wa surua sokoni, amemufunga mgongoni. Amekonda lakini anacheka. Nimemushika mguu, ni wa moto wa kawaida, homa hakuna.
Kitenge nimekifua, nimekianika.
Telefone nimeichaji, imejaa moto. Nimeiangalia jioni. Hakuna message ya Neema. Sasa tunasema neno moja, kwamba Neema ameenda: hospitali, kituo, na mimi.