Tonton na Javel Isiyotiwa Maji

Jumamosi, hapa Mangobo. Asubuhi mvua ilinyesha, kisha jua likachoma na matope yakafuka. Mimi ninafuka mpaka usiku huu. Naandika tu, maana nikifungua kinywa nitamutukana mutu mukubwa.

Mutu mwenyewe ni Tonton Asumani, mudogo wa papa yangu. Alitoka Kindu kututembelea, mwaka ukapita, mpaka leo iko hapa.

Imbwa yetu, Bijou, alizaa watoto wane kwenye kajumba ka mbao nyuma ya jiko. Kwa jirani, watoto wa imbwa walikuwa wamekufa wote kwa kuhara damu. Donc tuliogopa. Kusafisha ilikuwa lazima, sikatai. Na javel, ile dawa kali ya kufanya nguo nyeupe, inaua ule ugonjwa, hiyo pia sikatai.

Lakini unatoa imbwa kwanza! Unasugua mbao kwa sabuni, uchafu na mikojo viondoke, maana javel ikikutana na mikojo inatoa hewa ya sumu. Ndipo unatia kikombe kimoja cha javel kwenye ndoo nzima ya maji baridi, unamwaga, unangoja kidogo, unasuuza. Unaacha pakauke mpaka harufu iishe. Imbwa anarudi mwisho kabisa. Juzi nilimueleza Tonton hayo yote, polepole, kwa heshima. Akaitikia, "Ee mwanangu, nimesikia."

Alisikia nini?

Leo ilikuwa salongo, usafi wa mutaa muzima, kila mutu anafagia mbele ya kwake. Na hapa kwetu, siku ya salongo, nyumba isiyonuka javel mpaka barabarani, watu wanasema wenyewe ni wachafu. Nilienda soko kutafuta sombe, majani ya muhogo ya kupika. Huku nyuma Tonton akachukua javel ya sokoni, ile wanauza kwenye chupa za maji, hakuna anayejua ukali wake. Akaimwaga yote, bila hata tone la maji, juu ya mbao zilizolowa mikojo. Bijou iko ndani na watoto wake. Kisha akafunga mulango, ati dawa ifanye kazi.

Akafunga mulango!

Harufu ilinipokea njiani. Nilipofungua kale kajumba macho yalijaa machozi, kifua kikabana. Bijou alikuwa anakohoa, tumbo jekundu, chuchu zimeungua. Watoto wawili walikuwa wameshakufa.

Tonton amekaa kwenye kiti chake, majirani wanamusifu kwa usafi. "Kama haichome pua, haiue mikrobe," akaniambia. Akacheka kidogo.

Ati pua! Tangu lini pua ya mutu ikawa kipimo cha dawa? Mbona chumvi hamuimwagi pakiti nzima kwenye sombe ndiyo ikolee?

Nilimuosha Bijou kwa maji safi, ndoo kwa ndoo. Watoto wawili waliobaki wanataka kunyonya, lakini wakigusa tu, mama yao analia na kuwasukuma. Nawapa maziwa kwa kitambaa. Mumoja anavuta vizuri. Mwingine anaachia, anavuta, anaachia tena. Sijui kama ataishi.

Mama ananiambia, "Nyamaza, yule ni baba yako mudogo. Na hii ni imbwa tu."

Imbwa tu. Bon. Na kama alikuwa amelala mutoto wa mutu mle ndani? Tungesema nini? Mutoto tu? Heshima gani hii ya kufunga kinywa mpaka kitu kife?

Magaribi Tonton alitoka na sahani ya vichwa vya samaki. Ni yeye anayemulisha Bijou kila siku, lazima niseme ukweli. Bijou, ambaye tangu asubuhi hakuweza kusimama, akasimama. Akaenda akiyumba, mukia unatikisika, akaweka kichwa juu ya muguu wake. Muguu ule bado unanuka javel. Tonton akageuza uso ukutani. Akaacha sahani chini, akaingia ndani.

Bijou ameshamusamehe. Mimi bado. Kukikucha, mbele ya Mama na majirani wote, atanisikia.