Nyembe Tisa

Gereji ya chini ya mikaratusi,
Tukuyu.
17 Juni 1993

Ndugu yangu Obed,

Ugonile, kaka. Nakupa mikono yote miwili, wa kulia nimeunawa na wa kushoto bado una oili, kwa hiyo ukikuta doa pembeni ya karatasi usijidanganye kwamba Ackson amelia. Nataka kujua kama joto la Dar es Salaam limekuacha na unene wowote, na kama bado unakoroma. Mimi ni mzima kuliko kawaida. Mama anakusalimu, dada yangu Agness anakusalimu, na baridi ya kwetu inakusalimu pia. Mwezi huu ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria, ukifunua ugali hujui moshi ni upi na mawingu ni yapi.

Najua simu ya maandishi uliyoipata imekunyima usingizi. BABA KAVUNJIKA MGUU SEKELA KAJIFUNGUA WOTE WAZIMA. Simu ni bahili wa maneno, na aliyeiandika ni mimi, mtu nisiyejua ubahili huo. Umeniuliza katika barua yako imekuwaje mambo hayo mawili yakaja wiki moja, na kama ni kweli Chura ndiye aliyemwangusha mzee. Nitakujibu, ila unipe nafasi nianzie mbali. Fundi hafungui injini kwa kuanzia katikati.

Wewe uliondoka Chura akiwa mgeni. Unakumbuka siku wazungu wa mradi wa ng'ombe walipofunga virago na kunadi vitu vyao, baba yako, mzee Ambilikile, akapita meza, vitanda na jokofu, akaenda kusimama mbele ya pikipiki ya magurudumu manne iliyochuchumaa kama chura, akasema hiyo. Watu wakacheka. Wakasema tangu mambo ya ruksa yaanze kila mtu ananunua ugonjwa wake. Baada ya wiki mbili Chura akawa anapandisha madumu ya maziwa kutoka Mpuguso mpaka mjini kabla wenye baiskeli hawajafunga viatu, na waliocheka wakaanza kuomba lifti.

Lakini Chura ni mnyama wa petroli iliyochanganywa na oili. Injini ya namna hiyo haina tumbo la kuwekea oili, inakunywa na kupakwa mafuta kwa mdomo huohuo, na pistoni yake inaisha upesi kama sabuni ya watoto. Kujua siku ya kuibadilisha ndiyo elimu yenyewe. Ukiwahi, umetupa chuma kizima. Ukichelewa, inanoki, inakwama njiani. Mafundi wa Mbeya wana vipimo vya kung'aa. Mimi, niliyetoka shuleni kupitia dirishani, nina nyembe za kunyolea. Unaichukua ringi, ile pete ya pistoni, unaiingiza peke yake ndani ya silinda, halafu pale ncha zake mbili zinapotaka kukutana unapachika nyembe. Zikienea tatu, injini ni kijana. Tano, ni mtu mzima mwenye heshima zake. Saba, mwite mchungaji. Mwezi wa pili nilipomfungua Chura zilienea tisa, na ya kumi ilikuwa inachungulia. Ndipo nikakuandikia ununue pistoni na ringi huko, ukanunua, ukampa kondakta wa basi. Mengine unayajua, nilikuandikia kwamba kifurushi hakijafika, na matusi uliyomtukana yule kondakta nimeyasoma kwa furaha, sikujua kama mwana kwaya anayafahamu.

Sasa nataka usikie Chura alivyokuwa akilia miezi hiyo, maana ndani ya sauti ile ndimo ilimo habari yote. Asubuhi ukungu unakuwa umelala juu ya mashamba ya chai, mweupe, haujaamka. Huoni kitu, unasikia tu. Unasikia kwato bila ng'ombe, kikohozi bila mtu, kengele ya kanisa inayolia kutoka mahali pasipo na kanisa. Halafu mbali kabisa, ka-cha, ka-cha, ka-cha, pistoni inapiga kuta za silinda. Sauti inazama bondeni, inapotea kwenye migomba, inaibukia upande usiokuwa wake. Mara nyingi nilikuwa nimelala nusu nikaona kama mlima Rungwe wenyewe unapumua kwa taabu, nami nimeweka sikio kifuani pake kama daktari. Ningeweza kukuambia mzee yuko kwenye daraja, yuko kwenye nguzo ya umeme, amepunguza gia, amemsalimu mtu. Hakuna sikio kama langu wilaya hii, Obed, na sijisifu, nataja tu.

Na kulikuwa na sikio jingine. Huko mjini huenda umesahau kwamba kwa mila yetu mke wako Sekela na baba yako hawaonani wala hawasemezani. Wengine wameacha, lakini mzee ni mzee wa kanisa na wa mila kwa pamoja, na Sekela amelelewa kwao Isongole na bibi aliyekuwa akijitupa kwenye miiba kumpisha baba mkwe. Basi akisikia ka-cha, ka-cha, Sekela alikuwa anaacha njia, anaingia kwenye migomba, anageuza mgongo, Chura anapita. Hawakukutana hata mara moja. Kijiji kizima kiliwasifu.

Alhamisi ya tarehe tatu mzee alikuwa akirudi na madumu matupu. Nusu ya ninayokuandikia nimeipata kwake, nusu kwa Sekela kupitia kwa Agness, nami nimeziunga kama silinda na kichwa chake. Anasema pale juu ya mteremko Chura alikohoa mara moja akanyamaza. Magurudumu yakashikwa. Mzee akabana klachi kama nilivyomfundisha, magurudumu yakaachiwa, akaanza kuteremka bila sauti ndani ya ukungu. Anasema ilikuwa raha, Mungu amsamehe. Umande ulimpiga usoni, alisikia matone yakidondoka kwenye majani ya chai, akajiona kama aliyekufa vizuri.

Chini yake Sekela alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na tumbo la miezi yake yote mbele. Alimsikia Chura akija, akamsikia akinyamaza, akafikiri mzee amesimama kwa jirani. Akaona ana muda. Akabaki katikati ya njia.

Mzee aliona kanga hatua tatu mbele yake. Hakumwangalia uso, anaapa, aliona kanga tu. Akakata usukani, akaingia kwenye mfereji wa chai, Chura akamlalia mguu.

Wakawa wawili pale, Obed, na ukungu. Watu wote walikuwa kwenye kituo cha kupimia chai. Sekela alijifunika kichwa, akageuka, akamwendea kinyumenyume, akipapasa njia kwa visigino. Asingeweza kumsemesha mzee, basi akamsemesha Chura. Akamwambia Chura amuulize baba kama mfupa umetoka nje. Mzee naye akaliambia dumu la maziwa kwamba mfupa uko ndani, ila mtu mwenye mimba asiguse chuma kizito. Sekela akamjibu Chura kwamba dumu linyamaze, baba ajiandae kuvuta mguu. Akaegemeza mgongo wake kwenye usukani, akakaza miguu kwenye matope, akasukuma. Mzee anasema alilikemea dumu, akalisihi, mwishowe akaliimbia pambio, na Chura akainuka. Halafu Sekela akavua kanga ya pili, akairusha nyuma ya bega ili baba ajifunge mguu, akaenda kutafuta watu kwa mwendo wa bata. Siku ya pili yake, Ijumaa, uchungu ulimshika. Jumamosi saa nne asubuhi ukawa baba. Ni msichana, ana masikio makubwa kama yako, lakini mtoto hachagui.

Sasa kaa chini kama umesimama.

Yule kondakta hakuiba. Alinikabidhi kifurushi chako mkononi, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, kikiwa na fundo lako mwenyewe. Pistoni na ringi zilikaa chini ya kitanda changu wiki kumi na moja, nikakuandikia kwamba hazijafika.

Sababu ni hii. Siku ileile Agness aliniletea ujumbe wa Sekela. Alisema tumbo limekuwa zito, hawezi tena kurukia kichakani, anahitaji kumsikia mzee tangu kwenye daraja. Akauliza, kwa aibu, kama Chura anaweza kuachwa na kelele zake mpaka ajifungue. Mtu mwenye akili angemwambia ukweli kwamba kelele ile ni kifo kinachopiga hodi. Mimi nikajibu kwamba sikio la Ackson halikosei, injini itafika katikati ya Juni bila shida. Nilifurahi kuombwa, ndugu yangu. Nilijiona nimeshika kamba ya kijiji kizima. Kila asubuhi nikasikiliza, nikasema bado, bado, na sauti ilikuwa tamu, nikasahau kwamba aliyempanda Chura ni baba yako.

Nimemwambia mzee hospitalini. Aliniuliza nyembe ngapi, nikasema tisa. Akafumba macho. Akasema niliamua juu ya watu watatu, mmoja hajazaliwa, bila kumuuliza yeyote mwenye mfupa. Akasema fundi aamue chuma, watu waambiwe. Halafu akageukia ukutani, nikaondoka bila kuagwa. Siku nne sikusimulia hadithi hata moja gerejini, wateja wakadhani naumwa.

Siku ya tano akatuma mtu nipeleke pistoni ya zamani. Nilikuwa nimeshaitoa kwa nyundo ya mti, imechubuka upande mmoja, na mpya nimekwisha kuifunga baada ya kusugua silinda siku tatu. Chura sasa analia taratibu kama paka aliyeshiba, na hakuna wa kumpanda. Nikadhani mzee anataka pistoni ile iwe ushahidi wa kunishtaki. Akaniamuru niitoboe kichwani, niipindue kama kikombe, nining'inize pini yake ndani. Ikawa kengele. Akaifunga kwenye gongo lake.

Jana nilikwenda kwenu kumpelekea mzee dawa, ameshatoka hospitali. Mzee aliinuka barazani, akapiga hatua, pistoni ikalia ngo, ngo, ngo. Ndani nilisikia mlango wa nyuma ukifunguka na nyayo za Sekela zikitoka polepole, bila haraka wala miiba. Mzee akaingia. Mtoto alikuwa ameachwa juu ya mkeka, amefunikwa vizuri, macho kwenye kengele. Babu akaketi, akamweka mapajani, akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia. Jina ameshampa, anaitwa Tusekile, yaani tumefurahi.

Mtafute yule kondakta umwombe radhi, kosa ni langu lakini mdomo ulikuwa wako. Nami nakuomba yangu, ila njoo uitoe hapa nyumbani, hata kama ni kwa kofi. Kofi moja tu, fundi ana masikio ya kutunza. Mama anakuletea ndizi mbivu kwa maneno, zenyewe zingeoza njiani. Sekela hajasema nikuandikie nini. Amesema tu barua iende upesi. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Wako uliyemjua mwongo na bado ukamwita rafiki,

Ackson
Fundi, sikio moja limepunguzwa sifa