Samaki wa Kasanga Wanapita Mlangoni

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Ulipokuwa hai uliniitikia marahaba huku ukiangalia kitu kingine, sufuria au mguu wa meza unaoyumba, kwa hiyo leo usipoitika kabisa sitaona tofauti kubwa. Ninakuandikia kwa sababu nimekasirika, na wewe ndiye mtu pekee niliyezoea kumkasirikia bila kupata madhara.

Hoteli yako bado ipo. Kibao bado kinasema "Kwa Yustina", ingawa herufi ya mwisho imeliwa na mvua. Wasafiri bado wanashuka stendi ya Sumbawanga, wanauliza njia ya Kizwite, wanaingia wakijikung'uta vumbi na kuuliza lile swali lao moja: "Samaki wa ziwa wapo? Wa leo?" Zamani swali hilo lilikuwa furaha yetu. Sasa likiulizwa, natamani kujifanya mimi ni mteja mwenzao.

Unakumbuka asubuhi za pikapu? Ilikuwa inapanda kutoka Kasanga, kwenye ziwa Tanganyika, na samaki wetu, migebuka iliyofukiwa kwenye barafu na majani mabichi, pamoja na kuhe wawili watatu wanene kama paja la mtoto. Wewe unatoka na sweta mbili na kanga juu yake, maana baridi yetu unaijua. Hukumsalimia dereva mpaka kwanza usalimiane na samaki. Unafunua shavu kwa kidole cha mwisho kuona kama ndani bado pekundu. Unabonyeza karibu na mkia. Unanusa. Halafu unatoa hukumu: "Huyu amelala njiani. Mrudishe." Dereva anaapa kwa watakatifu wote wa parokia, nawe unamwambia, "Usiwasumbue watakatifu, hawajui samaki."

Kuna siku uliirudisha pikapu nzima. Hotelini walikuwa wamekaa wageni tisa, wameamka mapema ili wale kwanza ndipo waende kutazama maporomoko ya Kalambo. Ukasimama mbele yao ukasema, "Samaki hajafika leo. Kilichofika ni mwili wake." Walicheka, wakanywa chai, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nyuma yako na sinia mkononi, moyo unaniuma kwa wateja waliopotea. Nikakunong'oneza, "Dada, ungetia ndimu na pilipili, nani angejua?"

Ukageuka ukaniangalia. "Mimi," ukasema.

Basi sikiliza yaliyotokea.

Mwaka mmoja baada ya kukuzika, gari la baridi lilianza kushuka Kasanga. Si pikapu, dada. Ni lori jeupe lenye chumba kilichozibwa nyuma, na mashine inayonguruma hata gari likiwa limesimama. Pamoja nalo ikaja mashine ya barafu pale mwaloni, samaki wanaposhushiwa. Wenye lori ndio wenye barafu, na utaratibu wao hata mimi niliuelewa, mimi uliyesema sielewi kitu mpaka kiniungue. Mvuvi anayewauzia wao anapewa barafu ya kwenda nayo ziwani. Asiyewauzia apambane na jua. Miezi haikupita mingi, kila sanduku zuri likawa na mwenyewe kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Nilikuwa nadhani ziwa ni la wavuvi. Kumbe mwenye barafu ndiye mwenye ziwa.

Nilishuka Kasanga kwa Mama Zuwena, yule rafiki yako aliyekuchagulia samaki miaka yote. Nilikwenda kugomba. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno makali, abiria wenzangu wakadhani nasali.

"Mama Zuwena, umetusahau sisi wa juu?"

"Kaka, sijawasahau," akasema. "Lakini zamani nusu ya samaki nilikuwa nawabanika kwa sababu jua limeniwahi, na wengine natupa. Sasa situpi. Watoto wanasoma. Ulitaka nimkatae mwenye barafu, nikae namsubiri mwenye pikapu?"

Akanitandikia mkeka akanipa kuhe wa asubuhi ile, nyama ngumu, tamu, inayoachana kwa mapande. Nikala kwa hasira. Hasira haikunizuia kuomba ugali tena.

Linaloniudhi zaidi, dada, ni kwamba samaki hao wanapita hapa hapa. Lori linapanda, linapita Matai, linaingia mjini kwetu, linapumzika kwenye kituo cha mafuta, kisha linashika njia ya Mpui kwenda Tunduma na mpaka Dar es Salaam. Siku moja nilimfuata dereva, nikamwomba aniuzie sanduku moja tu.

"Mzee, siwezi kufungua."

"Kwani ndani umebeba maiti ya waziri?"

"Maiti ya waziri ningefungua, mzee, watu waage," akasema. "Humu kuna kifaa. Nikifungua mlango kinaandika. Nikifika kule wanasoma: mlango ulifunguliwa Sumbawanga, dakika kadhaa, baridi ikapungua. Kazi sina."

Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa lori. Palikuwa baridi kama ukuta wa kanisa mwezi wa sita. Nyuma ya bati lile walikuwemo kuhe waliovuliwa alfajiri, na mimi nimesimama na kikapu changu kama mtu aliyekatazwa kumwona mgonjwa. Mtu wa Dar atawapata wakiwa kama walivyotoka majini, kwa sababu hakuna aliyefungua mlango. Sisi tulio njiani tunaachiwa moshi wa lori.

Sikukata tamaa. Najua unatabasamu, maana mimi nisipokata tamaa ndipo hasara inapoanza. Nilinunua friza, nikagandisha maji kwenye chupa za plastiki, siku tatu mfululizo. Mama Zuwena alikuwa ameniambia kwenye simu, "Lete barafu yako mwenyewe, nitakutolea sanduku moja kabla gari halijafika. Lakini lete masanduku mawili ya barafu, kaka. Mawili."

Mimi nikapeleka moja.

Usinipigie kelele. Ilikuwa mwezi wa sita! Hapa maji ya kunawa yanauma vidole, mbwa wanalala kwenye majivu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa koti la marehemu baba. Nikajiambia, samaki si anapanda kuja Ufipa? Akishafika juu, barafu ya nini tena? Mungu ametupa jokofu la bure, nchi nzima. Anjela binti yako akasema, "Mjomba, baridi yetu haiko Kasanga." Nikamwambia hesabu za barafu ni za watu wazima.

Kosta iliyowabeba samaki wa Mama Zuwena ilipata pancha huko chini, kabla ya kuanza kupanda, kwenye joto lile la ziwani linalokaanga yai juu ya jiwe. Abiria wakakaa kivulini. Samaki wangu wakakaa juani, kwenye keria, na zile chupa chache zikageuka maji ya kunywa. Kosta ilipofika kwetu juu, baridi ilikuwepo kweli, kali na safi, ila haikuwa na mtu wa kumwokoa. Anjela alifunua shavu moja kwa kidole cha mwisho, kama wewe, akafunika sanduku. Hakusema "nilikwambia". Angesema ningejisikia nafuu. Paka wa Kizwite nzima walinisalimia kwa heshima wiki ile.

Nilipojaribu tena, Mama Zuwena akasema gari limeongeza safari na hawezi tena kuwatolea sanduku watu wa pembeni. Wageni nao hawakuacha kuuliza. Na hapo ndipo, dada, nilipofanya jambo lililonifanya nikuandikie barua hii.

Kuna duka mjini linauza samaki wa kugandishwa kwenye katoni. Nikamuuliza mwenye duka, "Hawa ni wa Tanganyika?"

"Wa Tanganyika kabisa, mzee. Walitoka Kasanga wakaenda Dar. Huko wakachambuliwa, wakubwa wakaendelea na safari zao za mahotelini, wadogo wakarudi."

Yaani, Yustina, mgebuka alipita mbele ya mlango wako akiwa mzima, akaenda mpaka pwani kukataliwa, akarudi kwetu akiwa jiwe. Nikanunua.

Anjela akashika chaki. "Niandike nini, Mjomba?"

"Andika samaki wa Tanganyika."

"Wa leo?"

"Andika wa Tanganyika. Si uongo."

Aliandika bila kuniangalia. Na mgeni wa kwanza alipouliza kama ni wa leo, niliitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikataa. Wa pili nikaitikia upesi zaidi. Baada ya wiki tatu nilikuwa naitikia kabla hawajauliza. Ndimu na pilipili zilifanya kazi yao. Nilikuwa nimesema nani angejua, na kweli hakuna aliyejua. Wageni wa kupita wanakula wanaondoka, wanadhani ndivyo samaki wa Tanganyika alivyo, laini kama pamba iliyolowa.

Mpaka jana, Jumamosi, alipoingia Mzee Gaudensi, yule mkaguzi wa shule wa Mpanda ambaye kila akienda Mbeya alikuwa analala Sumbawanga kwa ajili ya chakula chako tu. Ndiye mgeni pekee uliyemruhusu kuchungulia jikoni. Amestaafu, na safari hii alikuja na mkewe. Mama wa watu alikaa, akafungua vifungo vya koti, akaniambia, "Baba, samaki wa hapa nimesikia habari zake kuliko habari za wakwe zangu. Leo nimekuja kumwona."

Nikawapelekea. Kwa nini sikusema palepale sijui. Nadhani mguu ulishazoea njia.

Mzee alionja. Akachambua upande wa pili, akaonja tena. Nilikuwa nasubiri anigombeze na nilikuwa tayari, nimeshajipanga na habari za lori na kifaa kinachoandika. Hakunigombeza. Alimgeukia mkewe akasema taratibu, kwa aibu, "Mama, unisamehe. Nimekusafirisha bure. Nadhani ulimi wangu umezeeka."

Dada, ningevumilia kuitwa mwongo. Lakini mzee wa watu anausingizia ulimi wake, ulimi ambao wewe uliuamini kuliko wangu, ili samaki wangu abaki na heshima! Nikaziondoa sahani zote mbili mbele yao. Mama alikuwa bado na tonge mkononi.

"Ulimi wako ni mzima, mzee," nikamwambia. "Mbovu ni mimi." Nikawasimulia yote, na friza, na pancha, na katoni.

Mkewe ndiye aliyecheka, mpaka akashika meza. "Kumbe samaki huyu amefika Dar! Mimi na umri huu Dar sijafika!"

Mzee hakucheka. Akasema, "Yustina angeniambia mlangoni." Nikasema ndiyo.

Nikawapa maharage na ugali wa ulezi, nikamwambia Anjela afute ubao. Mzee akauliza kama kuna mahali popote katika mkoa huu mtu anaweza kula samaki wa leo. Basi mimi, mwenye hoteli ya samaki, nikakaa nikawachorea wateja wangu njia ya kwenda kula kwa mtu mwingine: mteremke Kasanga, muulize kwa Mama Zuwena. Wameondoka leo baada ya misa ya kwanza.

Mchana huu mzee amepiga simu. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kwenye simu yake.

"Tumefika salama," akasema. "Lakini gari limewahi leo, limesomba wote. Mama Zuwena ameona haya mpaka amefunika uso. Ametupatia dagaa wakavu."

"Pole, mzee."

"Tumekaa ufukweni, ziwa liko miguuni, tunakula dagaa wakavu." Kisha nikamsikia, hatimaye, akicheka. Alicheka vibaya, kama mtu aliyekwaruzwa.

Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linanichoma. Mama Zuwena anasomesha watoto. Dereva analinda kazi yake. Mtu wa Dar anakula alichonunua. Kila mmoja nikimfuata anakuwa na haki, nami narudi nyumbani na hasira yangu yote, haina pa kukaa. Katika habari nzima aliyekosa kwa kutaka mwenyewe ni mmoja, na ndiye anayekuandikia.

Kabla ya kukata simu mzee alisema wanapanda kurudi, watalala tena kwetu. Mkewe akamnyang'anya simu. "Baba, jioni utatupikia nini? Na utuambie kimetoka wapi!"

Nikaangalia nje. "Kuku, mama," nikamwambia. "Amezaliwa hapa hapa Kizwite na hajawahi kupanda gari."

Pumzika, dada. Naweka kalamu chini, maana Anjela ameshashika kisu na huyo kuku bado ninapaswa kumkimbiza mimi, kwa magoti haya unayoyajua.

Ni mimi mdogo wako, mpishi wa muda.